Kliniki kubwa ya macho Embu ni kaunta ya duka la dawa

Kliniki ya macho yenye wagonjwa wengi zaidi mjini Embu haina daktari wa macho, haina kitanda, wala haina chumba cha giza cha kupimia. Ni kaunta ya duka la dawa. Nayajua haya kwa sababu nimesimama nyuma ya kaunta kama hiyo miaka mingi, kwanza Meru karibu na soko la Gakoromone, halafu hapa Embu nilikoolewa. Mkulima aliyepigwa jichoni na jani la mahindi huanzia kwetu. Kijana aliyekesha akitafuna muguka na leo ana sherehe ya ruracio, yaani ya mahari, huja kutafuta kitu cha kuyafanya macho yawe meupe. Mama huja na mtoto anayejikuna macho tangu vumbi lianze kuruka. Mzee wa presha ya macho huja na chupa tupu ambayo ilipaswa kumfikisha mwisho wa mwezi. Wote hutuita daktari, na wengi wao hawajui jina la dawa wanayoitaka. Wanajua rangi ya kifuniko.

"Daktari, nipe ile ya kifuniko cheupe. Ilinisaidia mwaka jana."

Hapo ndipo kazi inapaswa kuanza, na hapo ndipo katika maduka mengi huishia. Pesa zinaingia kwenye droo, chupa inaingia mfukoni, mteja anakimbilia matatu. Kwenye vitabu vya duka, vya kaunti na vya Wizara ya Afya, dawa imemfikia mgonjwa. Mimi nasema haijafika. Dawa ya macho imefika ikiwa imeingia ndani ya jicho, na safari hiyo ya mwisho, isiyozidi urefu wa kidole, ndiyo inayotushinda.

Jicho limeumbwa likatae kuingiliwa, ingawa ukilitazama unaliona laini. Machozi yanayolifunika kwa kawaida ni kama mikrolita 7 tu, na kile kimfuko kilicho nyuma ya kope ya chini, hata ukikivuta, hakibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi. Tone moja la chupa ya kawaida ni mikrolita 30 hadi 50. Tone moja, basi, tayari limezidi. Lile la pili na la tatu ambayo wateja wangu huongeza "ili ishike vizuri" ni sawa na kumimina ndoo ya maji ndani ya kikombe cha chai. Kilichozidi hutiririka shavuni, au huingia katika vitundu viwili vidogo kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua, ambavyo kazi yake ni kupeleka machozi puani na kooni. Ndiyo sababu mtu hutia dawa jichoni akasikia uchungu mdomoni.

Kiasi kidogo kinachobaki kina dakika chache tu kabla ya machozi mapya kukiosha, na katika dakika hizo lazima kipenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Tabaka la nje la konea linapatana na vitu vya mafuta, la katikati linapatana na vya maji, na la ndani linarudia mambo ya mafuta. Dawa inayoyeyuka kwenye maji peke yake hukataliwa nje, na ile ya mafuta matupu hukwama katikati. Kwa hiyo mtengenezaji hutafuta dawa yenye tabia zote mbili, huiweka katika maji yenye kiasi cha chumvi kinachokaribiana na cha machozi, huhakikisha asidi yake haichomi, na vyote hivyo viwe havina kijidudu hata kimoja. Baada ya ufundi wote huo, chini ya asilimia 5 ya tone ndiyo inayoingia ndani ya jicho. Nguvu ya dawa ilipangwa huku hasara hiyo ikijulikana. Nyongeza ya mteja haikupangwa na mtu.

Na hicho kinachopotea hakipotei kabisa. Timolol, dawa ya presha ya macho iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo ndiyo tunayoiuza zaidi kwa sababu ni nafuu, ni ya ukoo mmoja na baadhi ya dawa za moyo. Ikiteremkia puani, inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupitia ini kwanza. Hupunguza mapigo ya moyo, na kwa mwenye pumu hubana njia za hewa. Mzee mmoja kutoka upande wa Runyenjes alikuwa akija kununua dawa za kifua kila mara. Usiku anakohoa, kifua kinabana, mke wake hapati usingizi. Nilimuuliza ni dawa gani nyingine anatumia, akajibu hatumii yoyote. Ya macho hakuihesabu kuwa dawa. Ilikuwa timolol, matone matatu kila jicho, asubuhi na jioni. Nilimwandikia barua arudi hospitali siku hiyohiyo, wakambadilishia.

Mzee yule alikuwa amepewa chupa na watu wenye vyeti, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuitumia. Somo lenyewe ni fupi. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope ya chini, tia tone moja bila mdomo wa chupa kugusa jicho wala kope. Funga jicho polepole bila kulikaza, weka kidole kwenye ile kona ya ndani karibu na pua, bonyeza, utulie dakika mbili au tatu. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika tano au zaidi, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Shosho ambaye mkono unatetemeka alale chali kitandani na mjukuu amtilie. Kufunga jicho na kubonyeza kona hiyo kumepimwa tangu miaka ya 1980, na kunapunguza kwa zaidi ya nusu dawa inayoingia kwenye damu. Hakuna kifaa cha kununua, ni kidole chako mwenyewe.

Tuje kwenye pesa, maana najua hapo ndipo watu huamka. Chupa ya mililita 5 yenye matone ya mikrolita 50 ina matone 100. Macho mawili, mara mbili kwa siku, tone moja moja, ni matone manne. Chupa inadumu siku 25. Anayetia matatu matatu anaimaliza siku ya tisa, halafu anakaa bila dawa akingoja pesa za majani chai au za muguka ziingie. Presha ya macho haiumi, kwa hiyo hakuna kinachomkumbusha. Neva ya jicho inaendelea kufa kimyakimya, na iliyokufa haifufuki kwa chupa ya mwezi ujao. (Wataalamu wamekuwa wakisema kwa miongo kadhaa kwamba tone lingeweza kuwa nusu ya lilivyo na lifanye kazi ileile. Nani atapunguza mdomo wa chupa wakati anauza chupa? Hilo ni suala la siku nyingine.)

Ugumu huu si wa Embu pekee. Kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, watafiti waliwagawa wagonjwa 201 wa glakoma, yaani hiyo presha ya macho, makundi mawili. Kundi moja lilitumia matone ya timolol, jingine lilipigwa aina ya leza iitwayo SLT, ambayo huufungua upya mfereji wa jicho unaotoa maji ya ndani. Matokeo yalichapishwa katika Lancet Global Health mwaka wa 2021. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya timolol. Hao wa timolol walikuwa ndani ya utafiti, wakifuatiliwa. Sasa mfikirie mkulima wa Kiritiri ambaye hakuna anayemfuatilia.

Na watu wa Meru hawakuhitaji leza kujua kwamba kuifikisha dawa jichoni ni kazi ngumu, walikuwa na trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Meru Kaskazini ya zamani, yaani Igembe na Tigania, ilikuwa miongoni mwa wilaya za Kenya zilizopimwa ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Matibabu ya zamani yalikuwa marhamu ya tetracycline ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Marhamu hukaa jichoni muda mrefu kuliko tone kwa sababu ni mafuta, lakini mtoto anayepakwa haoni vizuri, analia, na mama ana ng'ombe wa kukama. Wiki sita haziishi. Azithromycin ya kumeza ilikuja na dozi moja tu. Inafaa kwa trakoma kwa kuwa ugonjwa huo unakaa kwenye utando wa ndani ya kope, mahali ambapo damu inafika bila kizuizi. Dunia ilichagua kidonge kwa sababu mtu akishakimeza mbele yako, umemaliza. Marhamu ilikuwa nzuri. Njia ya kuifikisha ndiyo iliyokuwa mbovu.

Sehemu kubwa ya jicho haina njia rahisi kama hiyo. Matone hayafiki nyuma, kwenye retina, kwa kiasi cha maana, na vidonge navyo huzuiwa na kuta za mishipa midogo ya damu ya retina. Mgonjwa wa kisukari ambaye retina yake imevimba hudungwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Nikieleza hivyo wateja hushika kaunta kwa mikono miwili. Lakini ni bora washtuke hapo kuliko kununua matone ya kuwasha macho kwa ugonjwa ambao matone hayawezi kuugusa.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni kile kifuniko cheupe.

Mara nyingi mteja anayesema "ile ilinisaidia" anamaanisha matone yenye steroidi, dexamethasone au betamethasone, peke yake au yakichanganywa na antibaiotiki. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa mtu mwenye darubini ya kupimia jicho. Inaondoa wekundu na mwasho haraka kuliko kitu chochote nilicho nacho kwenye rafu, na sifa hiyo ndiyo hatari yake. Chukua mtoto mwenye mzio wa macho, tatizo la kawaida sana huku kwetu. Baada ya siku mbili za steroidi, mtoto amepona, mama amefurahi. Wakiacha, mwasho unarudi. Mama anarudi na chupa tupu, anauziwa nyingine, na nyingine, duka hili na lile. Hakuna anayepima presha ya jicho, ambayo steroidi huipandisha kwa baadhi ya watu bila maumivu yoyote. Mtoto wa jicho naye anaanza kuota kwenye lenzi. Nimewaona vijana wa sekondari, watu wa kusoma, wanaoliona daftari kupitia tundu dogo katikati kwa sababu ya dawa ambayo hakuna daktari aliyeiandika.

Au mchukue mkulima. Jani la mahindi, kijiti cha mkahawa wakati wa kupogoa, kapi la mpunga kwa wale wanaoteremka kufanya kibarua Mwea. Jeraha dogo kwenye konea, na kitu cha shambani hubeba kuvu. Steroidi inatuliza wekundu wakati kuvu ikila konea bila kuzuiwa na kinga ya mwili. Akija kuniambia "ilikuwa imepoa, sasa kuna doa jeupe", kwa kawaida jicho limeshaharibika kwa kiasi ambacho hakuna tone litakalolirudisha. Dawa inayofaa kuvu nyingi za shambani, natamycin ya asilimia 5, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2017. Ni ya kutikiswa kabla ya kutia, kwa sababu haiyeyuki bali huelea, na mwanzoni hutiwa karibu kila saa, mchana na usiku. Katika maduka ya kawaida ya miji yetu midogo si dawa unayoikuta. Steroidi unaikuta kila mahali. Rafu zetu zimepangwa kinyume na mashamba yetu.

Mafundi wa kuchomelea vyuma nao wana ombi lao, ile dawa ya kufisha ganzi waliyowahi kutiwa hospitali. Hiyo ikitumiwa nyumbani huharibu konea yenyewe. Jibu langu kwao ni miwani ya kuchomelea, na kwa kawaida hatuagani vizuri.

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani, Wizara ya Afya iliwaonya watu wasijitibu kwa dawa za kununua ovyo. Ilikuwa sahihi. Macho mekundu ya virusi huisha yenyewe kwa wengi, na unachohitaji zaidi ni maji safi na taulo yako peke yako. Huku kwetu bara, wateja walikuja na simu wakinionyesha picha za chupa walizotumiwa na jamaa zao wa Pwani. Familia moja ilinuia kununua chupa moja ya watu watano.

Chupa ya watu watano ni jambo la kulizungumzia polepole. Ndani ya chupa nyingi za matone kuna kihifadhi, mara nyingi benzalkonium, ambacho huua vijidudu vinavyoingia kila unapofungua. Kina nguvu ya kiasi. Mdomo wa chupa ukigusa jicho lenye usaha, au chupa ikifunguliwa miezi mitatu, kinashindwa. Ndiyo maana tunasema ukishafungua, itupe baada ya wiki nne hata kama imebaki nusu. Mimi huandika tarehe ya kufunguliwa kwenye kibandiko kwa kalamu, mbele ya mteja. Nchini Marekani mwaka wa 2023, matone ya machozi ya bandia yaliyotengenezwa India bila kihifadhi, yakiwa katika chupa za kutumiwa mara nyingi, yalihusishwa na maambukizi ya bakteria sugu kwa watu 81 katika majimbo 18. Wanne walikufa, 14 walipoteza uwezo wa kuona. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Sisi tuna chupa ya jirani, na bado wapo wanaotia maziwa ya mama au utomvu wa majani, vitu ambavyo havina kihifadhi wala kipimo.

Halafu kuna joto. Latanoprost, ambayo hutiwa mara moja tu usiku na kwa hiyo ni rahisi kuikumbuka kuliko timolol, inatakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 kabla ya kufunguliwa. Ikifunguliwa inaweza kukaa nje, mradi joto lisizidi nyuzi 25. Timau hilo linawezekana bila kufikiri. Siakago, huko Mbeere, mchana wa Februari, ndani ya nyumba ya mabati, sahau. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walikwenda kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, wakapima joto la nyumba za wagonjwa wa kisukari, wakathibitisha kwamba insulini inastahimili wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37 ilimradi isizidi hapo. Matokeo yalitoka mwaka wa 2021 na yakabadilisha maisha ya watu wasio na friji. Ningependa kipimo kama hicho kifanyiwe matone ya glakoma huko Mbeere. Chuo Kikuu cha Embu hakiko mbali na huko.

Ninachodai kwa wakubwa hakihitaji miujiza. Wakaguzi wa Bodi ya Dawa na Sumu wakija dukani hutazama leseni ukutani na cheti cha anayehudumu. Watazame pia daftari la steroidi za macho: nani aliziandika, nani alizinunua, mara ngapi. Sheria tayari inataka maagizo ya daktari. Tunaoivunja tunajulikana, na tunaivunja kwa sababu duka la ng'ambo ya barabara litauza tusipouza. Wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 wakiwa takriban laki moja nchi nzima, wana mikoba yenye kipimo cha presha ya damu na cha sukari. Waongezewe somo la tone moja, wamwangalie mgonjwa wa glakoma akijitilia dawa nyumbani kwake. Na kila hospitali ya rufaa kati ya Embu na Meru iwe na leza ya glakoma inayofanya kazi, pamoja na fundi wa kuitunza, maana Moshi imeshatuonyesha hesabu.

Kwako msomaji, ombi dogo. Ukija kununua dawa ya macho, kwangu au kwa mwingine, usiondoke kabla hujaonyeshwa namna ya kuitia. Ukikuta foleni ndefu, subiri, ni haki yako. Taja dawa zote unazotumia, na ya macho uihesabu. Na nikikataa kukuuzia ile ya kifuniko cheupe bila maagizo ya daktari, nikasirikie ukitaka, lakini tafadhali usivuke barabara.